Sikitu Hajafika

Nchi ya Tandavu imelala chali kati ya safu mbili za milima mikavu, na mji wake mkuu, Zinje, umejengwa kwa mawe meupe yanayong'aa mpaka mgeni hudhani amefika penye neema, hadi atakapoomba maji ya kunywa. Mabomba yapo. Yanapita kila mtaa, hupakwa rangi ya kijani kila sikukuu, na koki zake za shaba husuguliwa kwa majivu zikawaka kama dhahabu, lakini ndani yake mna vumbi tupu. Maji ya Tandavu huuzwa kwa madebe kutoka kwenye mikokoteni ya ukoo mmoja, na ukoo huo ndio unaotawala, na juu ya ukoo huo ameketi Mtukufu Fumbata, mtu mfupi mwenye sauti tamu, aliyegundua zamani kwamba watu huweza kuivumilia kiu ya koo ilimradi wapewe kiu nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kiu hiyo nyingine ilikuwa gombo. Kila Ijumaa asubuhi ilitoka karatasi pana ya katuni, iliyosomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, na ndani yake mlikuwa na hadithi ya binti aitwaye Sikitu, aliyeondoka kijijini kwao na ufunguo shingoni ili akakifungue kisima kilichofungwa na zimwi juu ya Mlima Karibu. Sikitu alikuwa na miaka kumi na mitatu alipoianza safari, na mpaka leo ana miaka kumi na mitatu, ingawa wasomaji wake wa kwanza wana wajukuu na magoti mabovu. Amepigana na majoka, amezama mitoni, amekufa na kufufuka mpaka makaburi yakamzoea. Na Mlima Karibu unaonekana katika kila gombo, juu kushoto, wala haujawahi kusogea.

Kosa lilianza Fumbata alipokuwa mpya kitini. Alipanda jukwaani, umati ukampigia makofi, makofi yakamlevya, akaropoka: "Siku Sikitu atakapofungua kisima, nami nitafungua mabomba!" Watu walilia kwa furaha. Yeye alirudi nyumbani akiwa na homa, lakini kabla hajaimaliza supu yake alikuwa ameshaelewa utamu wa maneno yale. Tangu hapo kila aliyekwenda kudai maji aliambiwa na makarani, kwa upole kabisa, "Sikitu hajafika." Aliyedai barabara, Sikitu hajafika. Aliyedai mwanawe aliyekamatwa sokoni, naye akaambiwa vivyo hivyo. Watu wakarudi majumbani mwao wakimlaani zimwi.

Gombo nalo likazaa. Likaigizwa ukumbini, likasomwa redioni, likageuzwa filamu ya michoro iliyoonyeshwa kwenye ukuta wa ghala la serikali. Zikatoka kanga za Sikitu, sabuni za Sikitu, na biskuti zenye umbo la ufunguo zilizowang'oa watoto meno. Mambo yaliharibika pale filamu ilipolipita gombo. Wenye filamu walifika mahali hadithi ilipokuwa imefika, wakakosa cha kuonyesha, wakabuni: msimu mzima Sikitu akawa anatafuta ndara zilizopotea, ilhali kwenye gombo ndara alikuwa amezivaa. Mji ukagawanyika. Wenye ndara na wasio na ndara wakatwangana mbele ya kiwanda cha biskuti, wachumba wakarudishiana zawadi, na Fumbata, ambaye hakupenda fujo asiyoianzisha mwenyewe, akatoa Sheria ya Mlingano. Kilichochorwa kwenye gombo ndicho kweli. Chochote chenye sura ya kilichochorwa sharti kifanane nacho mpaka gombo lijalo. Kisichofanana ni bandia, na bandia hufungiwa ghalani.

Kazi hiyo akakabidhiwa Bwana Kadiri, mtu mrefu mwenye rula katika kila mfuko, pamoja na kikosi chake cha Walinganishaji. Walikuwa watu waaminifu, na hilo ndilo lililotisha. Ijumaa moja tone la wino lilimdondokea Sikitu shavuni kwa bahati mbaya. Kabla ya adhuhuri mwigizaji wa ukumbini alikuwa ameshabandikwa kidoti, wanasesere wote wamechomwa sindano ya moto, na sanamu ya uwanjani imetobolewa ikajazwa lami. Ijumaa iliyofuata kidoti hakikuwepo, wakaja na patasi kukiondoa.

Mwenye mkono uliodondosha wino ule alikuwa Bi Mafunda. Ndiye aliyemchora Sikitu tangu siku ya kwanza, peke yake, katika chumba kimoja nyuma ya uwanja wa bomba kuu. Alipata kuugua, serikali ikamwekea mchoraji mwingine. Wasomaji walilitambua gombo la kuazimwa kwa kuangalia vidole vya miguu tu, wakalirudisha ikulu likiwa limefungiwa ndizi. Tokea hapo ikatangazwa kwamba gombo lisilotoka mkononi mwa Bi Mafunda ni bandia. Naye alikuwa amechoka. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, na kila alipouona mtetemeko ule alipata hofu moja tu: kwamba utamfia kabla hajamchora yule mtoto akinywa maji. Watoto wa jirani hakuwazaa yeye, lakini aliwasikia wakilamba koki asubuhi kwa ajili ya umande, na alijua ni kwa nini hawana maji. Hawana kwa sababu yeye hajamaliza. Jambo hilo lilimuuma, na hakuwa mtu wa kujidanganya.

Akajifunga kanga yake nzuri akaenda ikulu.

"Mtukufu," alisema, "mkono umeniishia. Nataka Sikitu afike anywe maji."

Fumbata alicheka kwa upendo. "Akinywa yeye, Bi Mafunda, mimi nitakula nini?"

"Watu wamengoja sana."

"Na mvumilivu hula mbivu. Sikiliza, mama. Badala ya kumfikisha, mwongezee mwenzake wa safari. Nichore mimi."

Bi Mafunda alidhani hakusikia vizuri. "Mtukufu unataka kuingia ndani ya gombo?"

"Nimo kwenye noti, nimo kwenye stempu, na bado mtoto anamjua Sikitu kabla hajanijua mimi! Nichore nikimwongoza. Jina langu na sura yangu, hivi nilivyo. Ila mrefu kidogo."

"Anayeingia humo hatoki kirahisi, Mtukufu. Mimi mwenyewe sijatoka."

"Chora."

Alitoka mle akiwa na hasira za kutosha kuvunja chungu. Alifika nyumbani, akaketi mbele ya karatasi tupu, akafikiri juu ya Bwana Kadiri na rula zake, juu ya kile kidoti cha lami. Halafu, polepole, akaanza kutabasamu peke yake.

Gombo la kwanza lilimpendeza kila mtu. Fumbata alitokea nyuma ya mwamba, mrefu, kifua mbele, akimwonyesha Sikitu njia. Bwana Kadiri alikwenda ikulu, akapima, akaagiza viatu vyenye visigino virefu kama vigoda. Mtukufu aliyumba navyo wiki nzima akiwa na furaha ya bwana harusi. Katika gombo lililofuata Sikitu alikuwa amejikwaa, na Fumbata, kwa moyo wake wa huruma, akamvulia viatu vyake. Nchi nzima ilitokwa na machozi. Walinganishaji wakaja, wakamvua.

"Lakini hii ni hadithi tu!" alisema Fumbata, unyayo wake ukiwa juu ya marumaru baridi.

"Gombo ndilo kweli, Mtukufu," alijibu Bwana Kadiri huku akiandika. "Ni maneno yako, na ni mazuri."

Likaja gombo ambamo Fumbata amejitwika mzigo wa kuni wa Sikitu. Alikula nao na kulala nao, na mawaziri wakajifunza kuinama kila alipogeuka. Washauri walinong'ona kwamba gombo likaguliwe kabla ya kutoka. Ikaonekana haiwezekani: gombo ndilo lililokuwa kipimo cha kila kitu, na hapakuwa na kitu cha kulipimia. Ikanong'onwa Bi Mafunda afungwe. Nani basi angemchora Mtukufu akiutua mzigo? Fumbata mwenyewe alijaribu usiku mmoja kuuweka chini, akamkuta Bwana Kadiri kasimama mlangoni, mnyonge kwa huzuni.

"Mtukufu wa kweli ana kuni kichwani," alisema. "Asiye nazo ni bandia anayefanana naye, nami nina amri juu ya bandia. Nakusihi usiniponze."

Fumbata akautwika tena. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Ndipo ikaja ile Ijumaa. Gombo lilikuwa na kisanduku kimoja tu, kikubwa, ukurasa mzima. Sikitu hakuwemo. Alikuwemo Fumbata peku, bila kuni, katika uwanja wa Zinje, mguu mmoja umeinuliwa kama anayepanda ngazi, na mikono yote miwili imeshika gurudumu la kufungulia bomba kuu. Walinganishaji walimleta asubuhi, wakampanga, wakasahihisha goti, wakarudi nyuma kumtazama. Watu walikuja kwanza wachache, kisha mji mzima, wengine na ndoo kwa mazoea ya kuzunguka nazo.

Kufikia adhuhuri mguu aliousimamia ulikuwa unacheza wenyewe.

"Nileteeni kigoda," alisema.

Bwana Kadiri alilitazama gombo kwa uangalifu. "Kigoda hakikuchorwa."

"Mwiteni yule mwanamke!"

Bi Mafunda hakuwa mbali. Alitoka chumbani mwake akijifuta wino, umati ukampisha.

"Nichore nimeketi," Fumbata alisema. "Sasa hivi. Nakuamuru."

"Ijumaa ijayo, Mtukufu, Mungu akipenda. Mkono umechoka."

"Nitaanguka!"

"Subira, baba," akasema mama mmoja muuza karanga, bila kucheka hata kidogo. "Sikitu hajafika."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Fumbata aliwasubiri wanyamaze, na sauti yake iliporudi haikuwa tamu tena. "Basi malizia," alimnong'oneza Bi Mafunda. "Mfikishe huyo mtoto wako. Andika mwisho nishushe mguu."

Bi Mafunda alimkaribia. Alimwonea huruma, na alishangaa kuiona huruma hiyo. "Mtukufu, sasa umo humo humo pamoja naye," alisema. "Mwisho nikiuandika, ni wako pia. Niandike?"

Fumbata alilishika gurudumu kwa nguvu zaidi. Goti likamlegea, akaning'inia kwenye gurudumu kwa uzito wake wote. Chuma kikalia. Hakuna aliyejua kama kilisogea au kililalamika tu.

Bwana Kadiri akaruka na rula yake. Akapima gurudumu, akapima karatasi, akarudia, jasho likimtoka. Kisha akaona kitu ambacho hakuwa amekiona asubuhi: ubavuni mwa gurudumu lililochorwa palikuwa na vistari viwili vidogo vilivyopinda.

"Bi Mafunda," aliuliza, "hivi vistari ni nini?"

"Ndivyo tunavyochora kitu kinachozunguka."

Bwana Kadiri alilikunja gombo polepole. Alimtazama Mtukufu wake, aliyempenda kuliko mtu yeyote nchini, akapiga saluti. "Sheria, Mtukufu," alisema. "Gurudumu linazunguka."

Fumbata alimtazama yeye, akautazama umati, akaitazama mikono yake juu ya chuma kana kwamba ilikuwa mikono ya mtu mwingine. Chini ya ardhi, mbali sana, kitu kilikohoa. Huenda ni upepo ulioshtuliwa, huenda ni vumbi la miaka yote likijipanga kutoka. Wenye masikio mazuri walilala kifudifudi kusikiliza, wakaanza kubishana.

Bi Mafunda hakubishana na mtu. Alikwenda kuchukua ndoo yake, akasimama kwenye foleni nyuma ya yule mama wa karanga.