Utando Uliochafuka

Mama Pacha alifungua chemba ya ombwe, isiyotakiwa kuwa na hewa, akitarajia utando mwembamba wa alumini unaong'aa kama kioo. Akakuta kitu cha kijivu, kimefifia kama sufuria kuukuu. Mpira wa kuzibia mlango ulikuwa umepinda. Hewa ilipenya muda wote alumini ilipokuwa ikiyeyushwa.

"Nimekwisha, Mwalimu," alimwambia mama aliyekuwa akisimamia utafiti wake wa uzamivu. "Utando umechafuka, na heliamu ya kupozea inazidi kugeuka mvuke. Nyingine hatupati hadi muhula ujao."

Alumini ikipozwa mno, ukinzani wake hutoweka, umeme ukapita bila kupotea hata chembe. Hilo ndilo alilotaka kulipima.

Mwalimu aliutazama utando kwa karibu. "Ni hewa tu, au kuna chuma?"

"Mwenzangu aliwahi kuyeyushia chuma kwenye chombo kile nilichoyeyushia alumini. Nilikisugua, lakini sina hakika."

"Basi tuombe iwe hewa tu. Ndani ya baridi hiyo elektroni hutembea wawili wawili. Uchafu wa kawaida ni mashimo ya barabarani: watajikwaa, lakini hawaachani. Chuma kina usumaku, binti yangu. Hicho ni fitina, kinavunja ndoa."

"Kwa hiyo nisipime?"

"Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Lete."

Waliutumbukiza kwenye baridi. Mstari wa ukinzani kwenye skrini ulijikokota, ukakaa pale pale. Mama Pacha alikuwa ameuma kidole. Mara ukaporomoka hadi sifuri, kabla hata ya kufikia baridi inayohitajiwa na alumini safi.

"Waya wa kupimia umekatika!" alipiga kelele.

Haukukatika. Walipopasha joto, ukinzani ulirudi. Walipopoza, ulitoweka tena, palepale.

"Imeiwahi alumini safi," alisema Mwalimu, akivua miwani. "Alumini ina vituko. Ikivunjikavunjika kuwa chembechembe zilizotenganishwa na oksijeni, inaweza kuwahi kupoteza ukinzani. Nilisoma habari hizo. Kwa macho yangu sijapata kuziona."

Mama Pacha aliketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akampigia mumewe.

"Umepita!"

"Nini, mtihani?"

"Umeme! Mtihani utafuata."

"Haya, hongera. Sasa umekula?"

Alifikiri kidogo. Hakuwa amekula tangu jana, na ndipo tumbo lilipomnguruma hadi Mwalimu akageuka.