Mwenyekiti Asiye na Ruhusa ya Kuku

Ng'washi alichoka. Mumewe, Chenge, alimgawia ng'ombe kila aliyemsifu kwa ustadi wake wa kucheza ngoma, mpaka zizi likabaki samadi tupu. Ng'washi akamshtaki katika mahakama ya Magu. Hakimu akaamua Chenge ahesabiwe kama mtoto mdogo: asigawe hata kuku bila ruhusa ya mkewe.

Mwezi uliofuata kijiji cha ujamaa kikaanzishwa, na watu wakamchagua Chenge huyohuyo kuwa mwenyekiti, atunze ng'ombe wa wote.

"Mmerogwa?" Ng'washi akamfokea katibu kata. "Huyu kakatazwa kugawa mali!"

"Mali yake, mama. Hii ni yetu sote."

Chenge akamgeukia mkewe, akakohoa kwa adabu. "Mama Kulwa, tuna mgeni. Naomba ruhusa nichinje kuku."