Chungu Kilichobaki Bila Kitako

Jumatatu baada ya chakula cha mchana, mhariri wa video alipangusa kompyuta yake kwa kiwiko cha sweta, akafungua mahojiano ya shangazi yake na kuanza kuyaboresha. Ofisi yao ilihifadhi mtandaoni mahojiano ya wafinyanzi, wengi wao wazee, na watazamaji walikuwa wamelalamika kwamba video ni ndefu na watu wananyamaza mno. Mkurugenzi akanunua programu ya kuondoa kila mahali pasiposikika mtu akizungumza. Video ikishapunguzwa, ile ya awali ilifutwa papo hapo ili kuokoa nafasi.

Shangazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Katika video alieleza alikochimba udongo, aliyemfundisha kazi, na kwa nini yeye huanza chungu kwa mdomo na kumalizia kwa kitako. Hapo ndipo aliponyamaza. Katika ukoo wao mtu hasemi anapofunga kitako. Anayetaka kujua anatazama mikono. Mhariri hakuwahi kuitazama vizuri. Utotoni alikuwa na michezo yake, ukubwani akawa na kazi, na vyungu alivyojaribu mwenyewe baada ya mazishi vilivuja vyote, palepale chini. Matumaini yake yote yalikuwa kwenye video hii. Ila mchana ule alikuwa na haraka, usingizi wa shibe nao haukumwacha, akabonyeza kitufe kwa mazoea kabla hajaitazama.

Alipoicheza, shangazi alisema, "Sasa nafunga," na hapo hapo akasema, "Ndiyo hivyo." Chungu mbele yake kilikuwa bado na tundu la kupitisha ngumi. Mhariri akairudisha nyuma, akaicheza tena, akaongeza sauti, kana kwamba sauti ingeziba tundu.

Saa kumi shangazi akatoka kwenye kioo cha kompyuta, mguu mmoja kwanza, chungu kakikumbatia. Akalitazama zulia la ofisi, akaguna.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, mbona mmeninyang'anya muda wangu? Nifunge chungu saa ngapi?"

"Tulikuwa tunaboresha."

"Mnaboresha nini?"

Asubuhi mhariri alikuwa analijua jibu. Akamtandikia magazeti sakafuni na kumletea maji kwenye kikombe cha chai. Shangazi akakaa, akakigeuza chungu juu chini, akanyamaza.

Mkurugenzi akaingia.

"Huyu mama amepita mapokezi?"

"Hapana, bosi. Ametoka kwenye video."

"Ipi?"

"Hii niliyoikata leo."

"Sawa. Ila udongo usiguse zulia, limesafishwa juzi tu." Akavuta kiti, akaketi kati ya mhariri na shangazi. Alitaka kujua kwa nini video haijapandishwa, kichwa chake kiwe kirefu au kifupi, na picha ya mbele iwe ipi.

Mhariri hakujua amsikilize nani. Alichungulia juu ya bega la mkurugenzi, akaona kidole gumba cha shangazi kikichovywa majini, kikianza kuvuta ukingo wa udongo kuelekea katikati. Kidole cha pili kilikwenda wapi, hakuona.

"Wewe, unanisikia kweli?"

"Nakusikia, bosi."

"Basi chagua. Hii anayocheka, au hii anayotazama pembeni?"

Akageuka akazitazama picha. Zote mbili zilimliza kidogo, wala hakuelewa tofauti yake ni nini. Mkurugenzi alipenda ya kucheka. Mhariri akaiweka, akageuka haraka.

Kitako kilikuwa kimefungwa. Kilikuwa mviringo na laini, bila hata alama ya mahali udongo ulipokutana. Ule muda uliokatwa nao ulikuwa umekwisha, kwa hiyo shangazi alikuwa ameanza kufifia kuanzia miguuni. Akasuuza vidole kwenye kikombe.

"Umeona?"

Mhariri aliwaza amwambie ukweli, ila hakujua ukweli huo ungemsaidia nani, na shangazi alikuwa amebaki kuanzia kiunoni tu.

"Nimeona, shangazi."

"Haya, vizuri. Maana sikumwachia mwingine." Akarudi ndani ya kioo, akakaa mahali pake. "Ndiyo hivyo," akasema, chungu kizima mbele yake.

Mkurugenzi alisema sasa video imenoga, haina hata sekunde ya kuchosha. Akamwambia aendelee na inayofuata. Mhariri akaifungua. Mzee mmoja, fundi wa mitungi, alikuwa ameshika bonge la udongo, midomo ameifumba, amezama kazini. Programu ikauliza kama iondoe ukimya. Mkurugenzi alikuwa bado amesimama nyuma yake.

Akabonyeza "ndiyo", kisha akaenda kumtafutia mzee kigoda.