Pembe za Moritaka

Huku kwetu Okinawa, wajenzi wa zamani waliacha nondo zimechomoza juu ya paa, ndizo tunazoziita pembe. Mtoto akija kuoa, anapandisha ghorofa yake hapo. Baba, Mzee Zentoku, aliziacha kwa ajili ya mdogo wangu Moritaka. Hakuziacha kwa ajili yangu, ingawa ni mimi niliyebaki kuwatunza yeye na Mama. Moritaka alikwenda Osaka akiwa kijana, akaota mvi huko huko.

Bahari iko ng'ambo ya barabara tu. Tufani ikipita, madirisha yote yanabaki meupe kwa chumvi. Chumvi hiyo ikateremka kwenye pembe hadi ndani ya nguzo, chuma kikashika kutu, kikavimba, kikapasua zege. Kiangazi hiki bonge la dari lilianguka juu ya mto wa kulalia wa Mama. Bahati yake alikuwa jikoni anakaanga karela.

Nikamwita fundi Zukeran. Aligonga nguzo kwa nyundo huku ametega sikio, nayo ikalia kama debe tupu.

"Zikatwe," alisema. "Tuchimbe hadi kwenye chuma kizima, tusugue kutu, tupake dawa, halafu tuzibe maji yasipite. Tukichelewa, dari lote linashuka."

"Wewe piga plasta, basi," Baba akasema.

"Mzee wangu, pembe zinakunywa chumvi huko juu, mimi huku chini nizibe ufa? Si kupaka jipu poda huko!"

"Na mwanangu atajenga juu ya nini? Juu ya kichwa chako?"

Nilipandwa na hasira. Mama alikuwa ameshahamishia godoro lake sebuleni, eti kuna upepo, lakini hata huko hakubandua macho darini. Na huyu mzee yuko tayari kumzika mkewe kwa sababu ya vyuma vibovu! Nikampigia simu Moritaka, nikaifungulia sauti wote wasikie. Nilitaka yeye mwenyewe amwambie Baba akubali.

"Moritaka, fundi anataka kukata pembe. Unasemaje?"

"Pembe?" Akacheka. "Kwani siku hizi mnafuga mbuzi, dada?"

Fundi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama akainamisha kichwa.

"Za nyumba," nikasema. "Za ghorofa yako."

"Aa, zile! Bado zipo? Si mkate tu. Dada, niko kazini, nitakupigia."

Baba alikuwa ameshatoka nje, ameshika ngazi.

"Zukeran," aliita, "njoo. Kata zote."

Tulipanda wote watatu juu ya paa. Msumeno wa umeme ukapiga kelele, cheche zikaruka, na Bi Kamado wa nyumba ya pili akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Zentoku! Ndiyo ghorofa inapanda hiyo? Moritaka anarudi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, Baba akanitangulia.

"Anarudi!" akapaza sauti. "Mwakani!"

"Hongera, jirani! Mungu mkubwa!"

"Ahsante, ahsante."

Akampungia mkono mpaka alipoingia ndani. Nilimwonea huruma, na hasira yangu yote nikaihamishia Osaka. Baba akageuka kwa fundi, akasema kwa sauti ya chini:

"Ziba vizuri, mwanangu. Isijulikane zilikuwa wapi."