Kaka Ndani ya Folda

Dada mmoja, mpangaprogramu, aliandika amri ya kusakinisha vifurushi vyote vya programu vya lugha ya kompyuta ya Ruby ndani ya folda ya mradi wenyewe, si kwenye kompyuta nzima kama zamani, kisha akaenda kuchemsha maji ya chai. Aliporudi alimkuta marehemu kaka yake amejaa tele kwenye kiti cha pembeni, kavaa sweta lake la kijivu, anakohoa.

Akamwongezea kikombe. Kimoja cha vifurushi vile, cha kukokotoa saa za ziada, alikiandika kaka mtu, kampuni ilipomkalisha ofisini usiku na mchana hadi mapafu yakagoma. Toleo lake lilifungwa wiki ya mwisho ya uhai wa kaka, na halijatoka jingine, kwa hiyo alikuja na kikohozi cha wiki ile ile.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Twende ukamwone."

Walijaribu. Kaka alipovuka kizingiti cha ofisi alitoweka, akaonekana tena kitini. Kilichosakinishwa ndani ya folda hakijulikani nje yake, na aliyemfundisha dada hilo ni yeye mwenyewe.

Mchana kaka alimwomba mdogo wake amtoe. Amechoka, alisema, na hata kufa hakujampumzisha. Dada akapiga moyo konde, akafuta jina la kifurushi kwenye orodha, akafuta folda nzima ya vifurushi. Kiti kikabaki kitupu, naye akalia. Aliposakinisha upya, kaka akarudi. Kifurushi cha mishahara kilikuwa kinamtegemea, kikamvuta bila kumuuliza mtu.

Ikabidi amwendee meneja, aombe muda wa kuiandika upya sehemu ile ya saa za ziada. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila tarehe ya kukabidhi mfumo ilikuwa imemkaba koo. Alifuatana naye hadi kitini, akampa marehemu mkono, akamuuliza za huko, halafu akamgeukia dada.

"Mfumo unafanya kazi?"

"Unafanya."

"Basi usiguse."

Ijumaa mama yao alikuja na dawa ya kuchua. Alimfungua mwanawe vifungo vya sweta, akamchua kifua taratibu, akimwita baba, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. Kikohozi hakikupungua. Meneja akapita, akamwamkia mama kwa adabu zote, akamwomba awe anakuja jioni, maana saa hizi kijana yuko kazini.

Mama akaomba radhi, akamfunga mwanawe vifungo, akatoka.