Muuza Nyama Asiyekula Nyama

Shangazi yangu ana bucha, lakini nyama hali. Alisema kuinusa kutwa nzima kunamtosha. Miaka ikapita akishindia mkate na chai ya rangi. Hata mayai na maziwa akayaacha. Wateja walioshangaa aliwajibu kwamba mchimba kaburi naye halali kaburini.

Mwaka huu akaanza kupauka. Ulimi ukawa mwekundu na laini kama umepigwa msasa, miguu ikawa na ganzi, na akijigonga kidogo tu mwili unavilia damu. Siku aliyoshindwa kuinua shoka, nilimpeleka hospitali.

Daktari wa zamu aliyasoma majibu, akashusha sauti. Chembe za damu za kila aina zilikuwa zimepungua, na kwenye darubini kulionekana chembe changa ambazo hazikutakiwa kuwa pale. Alihofia saratani ya damu, ile inayokwenda mbio. Akamwita bingwa.

Neno saratani lina miguu. Kufikia alasiri ukoo mzima ulikuwa wodini. Baba mdogo, ambaye hajawahi kushika hata kisu cha kukatia vitunguu, alishaanza kuulizia funguo za bucha. Majirani wakaimba nyimbo za kuaga. Shangazi akaniomba niwatoe, maana kwa sauti zile angekufa kabla ugonjwa haujapata zamu yake.

Bingwa, mama mmoja mfupi asiye na haraka, alimtoboa mfupa wa nyonga akavuta uboho. Shangazi alitoa matusi ya machinjioni. Bingwa akasubiri yaishe, kisha akamuuliza huwa anakula nini. Alipojibiwa, akaagiza kipimo kingine.

Majibu yalipotoka, alivuta kiti.

"Mama, kwenye saratani ile chembe changa hujazana na kugoma kukua. Zako zinataka kukua, ila zina njaa. Ukizitazama juujuu zinafanana. Umeishiwa vitamini B kumi na mbili."

"Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa, ila si kwa hili."

Shangazi, ambaye hakutoa chozi mbele ya nyimbo zote zile, akalia kama mtoto.

Sindano zikamrudisha. Ganzi ya miguu ilichelewa kumwachia, lakini rangi ilirudi. Nyama bado hagusi; amekubali sindano, na yai analimeza kafumba macho. Baba mdogo alipokuja kujitolea kumsaidia, alikabidhiwa ndoo ya matumbo ayaoshe. Adhuhuri haikumkuta buchani.