Mdogo Wangu Kuku

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, niliwatangazia watoto wote wa mtaa kwamba kuanzia siku hiyo mdogo wangu si binadamu tena, bali ni kuku wa mayai. Ndoo ikateleza, nikaanguka kifudifudi. Jina likabaki.

Ushahidi ulikuwepo. Kila niliporudi likizo kutoka shule ya bweni, niliweka biskuti juu ya bomba la maji nikamwamuru aikimbilie kutoka mlangoni kwetu. Hakuwahi kufika. Njiani alichuchumaa, akakumbatia magoti, akahema kama aliyepanda mlima.

"Anataga! Anataga!" nilipaza sauti, na wenzangu wakapiga makofi. Naye alicheka, masikini. Kwake, kaka alikuwa anacheza naye.

Siku moja mama, ambaye ni fundi cherehani, alichungulia, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"We! Mbona midomo ya mwenzio imekuwa rangi ya wino?"

"Barafu ya rangi, mama. Nimemnunulia."

"Utamwozesha meno!" Akarudi kwenye cherehani yake.

Tangu hapo, kila midomo ilipogeuka rangi, barafu ilisingiziwa. Nusura niiamini mwenyewe.

Siku aliyoifikia biskuti, alianguka nayo mkononi.

Kwenye zahanati, daktari alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena.

"Midomo hii ina buluu tangu lini?"

"Hiyo ni barafu tu, daktari," mama akasema. "Kaka yake anamdekeza. Kilichonileta ni kuanguka."

Daktari akainua mkono wa mdogo wangu. Ncha za vidole zilikuwa nene, za duara, na kucha zake nazo zilikuwa za buluu.

"Na kucha nazo zinakula barafu?"

"Barafu gani?" mdogo wangu akauliza. "Mimi sijapewa."

Nikaanza kusoma bango la chanjo ukutani kwa heshima kubwa.

"Kijana, nitazame. Nadhani mtoto huyu amezaliwa na kasoro ya moyo. Nikipata ukweli, leo hii anakwenda hospitali kubwa. Nikidanganywa, anarudi nyumbani kukimbia. Hiyo barafu ipo?"

"Haipo."

"Akikimbia anafanyaje?"

"Anachuchumaa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hapo anatafuta pumzi. Hebu nionyeshe anavyokaa."

Nikachuchumaa sakafuni, mbele ya daktari, nesi na mama yangu, nikakumbatia magoti.

"Kaka anataga!" mdogo wangu akacheka, na kicheko kikakatika katikati kwa kukosa hewa.

Hakuna mwingine aliyecheka. Mama alikuwa ameivuta ile tepu ya shingoni, akaikunja ndani ya ngumi.

"Na akichuchumaa hivyo, mwanangu, wewe unamfanyaje?"

Sikuthubutu kuinuka.

"Namwambia asimame akimbie, mama. Namwambia kuku hali biskuti."